Nakala Kwanza, Dawa Baadaye

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa karani wa tovuti ya jumuiya moja ya wanafunzi wa zamani, cheo nilichokipata si kwa ustadi bali kwa sababu sikuhudhuria mkutano ule ambao wenzangu waligawana kazi. Mwaka huo alifariki mwalimu wetu mkuu, na kwa muda wa siku 9 watu aliowasomesha, walioko Tanga na Unguja na Maskati na Toronto, wakawa wanamiminika katika ukurasa wa tanzia kuandika rambirambi zao, wengine maneno mawili tu, wengine kisa kizima cha namna walivyochapwa bakora na namna walivyokuja kumshukuru baadaye. Asubuhi ya siku ya 10 nilifungua ukurasa ule nikakuta tanzia ipo, picha ya marehemu ipo, lakini chini yake hapana rambirambi hata moja.

Nilitaharuki. Nikaingia katika paneli ya kampuni iliyotuhifadhia tovuti, nikapapasa huku na huko mpaka nikakiona kitufe kilichoandikwa Repair Database, nami kwa ujinga wa mtu anayedhani kwamba neno la kutengeneza haliwezi kubeba ndani yake neno la kuharibu, nikakibonyeza kama mtu abonyezavyo swichi ya taa. Rambirambi zikarudi, nikashusha pumzi. Kisha nikasoma ripoti iliyoachwa kwenye skrini, na katikati ya mistari mingi iliyosema OK palikuwa na mmoja wa Kiingereza uliosema hivi: Number of rows changed from 1184 to 902. Maana yake ni kwamba jedwali la maoni, lililokuwa na mistari 1184, sasa lina 902. Maoni 282, yote rambirambi za siku za mwisho, yalikuwa yametupwa, na nakala ya mwisho niliyokuwa nayo ilikuwa ya miezi 5 kabla ya msiba.

Nimeanza na aibu yangu kwa kuwa ndiyo sababu ya makala haya, na kwa kuwa nasaha zote nitakazozitoa hapa zimezunguka jambo hilo moja, kwamba hifadhidata iliyoharibika, hata ikiwa katika hali mbaya kiasi gani, ni amana isiyostahili kuguswa kabla haijanakiliwa kama ilivyo, kwa maana kile kinachoonekana kimekufa aghalabu bado kina pumzi, na mkono wa tabibu mwenye haraka ndio unaoikata.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Tovuti za zama hizi, hususan zile zilizojengwa kwa WordPress, programu iliyotolewa mwaka 2003 na ambayo ndiyo nitakayoitolea mifano kwa kuwa ndiyo wasomaji wengi wanayoitumia, zina sehemu mbili zisizokaa mahali pamoja. Sehemu ya kwanza ni mafaili: sura ya tovuti, picha, na programu yenyewe. Sehemu ya pili ni hifadhidata, ambamo mna maandishi yote, majina ya watumiaji, maoni ya wasomaji na mipangilio, vyote vimepangwa katika majedwali mfano wa daftari za karani, kila daftari na kazi yake: wp_posts la makala, wp_comments la maoni, wp_options la mipangilio. Mtunzaji wa daftari hizo ni programu nyingine kabisa, ama MySQL, iliyotoka Sweden mwaka 1995, ama ndugu yake MariaDB, aliyezaliwa mwaka 2009 kwa mkono wa mwasisi yuleyule, Michael Widenius, ambaye, kwa kuwa binti zake wawili wanaitwa My na Maria, hakupata tabu ya kutafuta majina.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalijui, na kutolijua ndiko kunakowaponza, ni kwamba mtunzaji huyo ana namna mbili kuu za kuandika daftari zake, na dawa ya namna moja si dawa ya nyingine. Namna ya kale huitwa MyISAM. Humo kila jedwali lina faili la habari zenyewe, lenye mwisho wa MYD, na faili la faharisi, lenye mwisho wa MYI, ambalo humwambia mtunzaji mstari fulani umo wapi, kama faharisi ya kitabu inavyomwambia msomaji ukurasa. Seva ikizimika ghafla katikati ya kuandika, au diski ikijaa, faharisi na habari huacha kupatana, na hapo jedwali hupigwa alama ya kuwa limeharibika, lisisomeke mpaka litengenezwe. Namna mpya ni InnoDB, iliyofanywa kuwa ya kawaida tangu MySQL 5.5 mwaka 2010. Hii huandika kila badiliko katika daftari ya kumbukumbu kabla ya kulitia mahali pake, hivyo seva ikianguka na kuinuka, yenyewe hurejea kumbukumbu zake na kujisahihisha bila kuombwa. Kwa hiyo InnoDB huharibika kwa nadra, lakini ikiharibika, jambo huwa zito, na kitufe cha Repair hakiifai kitu. Kuijua tovuti yako ina namna ipi si kazi: fungua phpMyAdmin, programu ya kuitazama hifadhidata, kutoka katika paneli, chagua hifadhidata yako, na katika orodha ya majedwali utaiona safu iliyoandikwa Type, yenye jina la namna hiyo mbele ya kila jedwali.

Kabla hujasema kwamba hifadhidata imeharibika, hakikisha kwamba imeharibika kweli, maana nimewahi kuitwa usiku kutibu maradhi ambayo hayakuwapo. Ujumbe mashuhuri kuliko wote, ule usemao Error establishing a database connection, hausemi kabisa kwamba hifadhidata imeharibika. Unasema tu kwamba WordPress imebisha hodi na haikufunguliwa, na sababu ya kutofunguliwa huenda ikawa neno la siri lililobadilishwa na mtu, au jina la hifadhidata lililobadilika tovuti ilipohamishwa, au mtunzaji mwenyewe amelala kwa sababu seva imezidiwa. Fungua faili la wp-config.php kwa kutumia File Manager ya paneli, tazama DB_NAME, DB_USER, DB_PASSWORD na DB_HOST, ulinganishe na yaliyomo katika ukurasa wa MySQL Databases. Ikiwa phpMyAdmin inaifungua hifadhidata na majedwali yanasomeka, basi maradhi yako ni ya funguo, si ya ghala. Lakini ukienda wp-admin ukaambiwa kwamba One or more database tables are unavailable, au phpMyAdmin ikikuambia kwamba jedwali fulani is marked as crashed, hapo ndipo dhana inapogeuka yakini.

Na nitoe neno moja juu ya umeme, kwa sababu kwetu umeme husingiziwa kila kitu. Taa zikizimika Magomeni au Likoni wakati unahariri makala, hifadhidata yako haiharibiki kwa hilo, kwa kuwa seva iko mbali nawe, pengine bara jingine, nayo ina umeme wake. Utakachopoteza ni aya uliyokuwa hujaihifadhi. Umeme wa nyumbani unaweza kukudhuru mahali pamoja tu, nitakapopafikia mbele.

Sababu ninayoikuta mara nyingi kuliko zote haina makuu: nafasi imekwisha. Paneli ya cPanel ina ukurasa wa Disk Usage, na mtu akiutazama huona kwamba mgao wake wa diski umejaa mpaka ukingoni, na akichimba huona kwamba ulichojazwa nacho si kazi yake hata kidogo, bali ni faili la error_log lililonenepa mwaka mzima bila mtu kulisoma, vikasha vya barua pepe vilivyojaa takataka, au nakala za zamani zilizoachwa ndani ya public_html, ambako, pamoja na kula nafasi, mtu yeyote anayelibahatisha jina la faili anaweza kuzipakua na kusoma kila kilichomo. Ondoa hayo kwanza. Usiguse majedwali. Nafasi inahitajika hata kwa matengenezo yenyewe, maana MyISAM inapotengeneza jedwali huandika jedwali la muda pembeni kabla ya kuliweka mahali pa lile bovu, na ukianza kazi hiyo katika diski iliyojaa umeongeza msiba juu ya msiba. Ikiwa mgao wako una nafasi lakini bado unaambiwa kwamba diski imejaa, basi diski iliyojaa ni ya seva nzima, na hiyo ni kazi ya kampuni, si yako.

Tufike sasa katika nakala. Katika phpMyAdmin chagua hifadhidata, nenda Export, chagua namna ya SQL, upakue. Au katika cPanel fungua ukurasa wa Backup, ambako kila hifadhidata ina kiungo chake, nawe utapata faili lenye mwisho wa sql.gz. Hayo yote ni sahali ikiwa majedwali yanasomeka. Tabu ni kwamba jedwali lililoharibika hukataa kusomwa, na kunakili huko hukwama hapohapo, ukapata faili lililokatika katikati ambalo kwa nje linafanana kabisa na faili zima. Kwa hiyo usilisadiki faili kwa kuliona tu. Lifungue, uteremke mpaka mwisho. Nakala iliyotolewa na mysqldump, programu ya kunakilia ya MySQL yenyewe, kwa mpangilio wake wa kawaida, humalizika kwa mstari unaosema Dump completed; ya phpMyAdmin huwa na neno COMMIT karibu na mwisho wake. Ukikuta faili limeishia katikati ya sentensi ya mtu, ujue huna nakala, una kipande.

Katika hali hiyo nakili jedwali mojamoja, yale mazima yote uyaokoe, kisha kwa lile bovu iandikie kampuni ikupe nakala ya mafaili yake ghafi, yale ya MYD na MYI na mwenzao wa frm kama yupo, kabla hujabonyeza chochote. Hapa ndipo nilipopotea mimi. Kutengeneza jedwali la MyISAM ni kulipitia faili la habari mstari kwa mstari, kuchukua kinachosomeka, kuacha kisichosomeka, na kuandika faharisi mpya. Na kile kilichoachwa hakiwekwi pembeni wala hakina jalala la kukifuata, kimekwenda. Lakini mwenye nakala ya faili ghafi anaweza kujaribu tena kwa njia nyingine, hata kulifungua kwa programu ya maandishi na kuokota maneno ya watu kwa macho, kwa kuwa ndani ya faili la MYD maneno mara nyingi huonekana wazi baina ya alama zisizosomeka. Waandishi wa kitabu cha maelezo cha MySQL wenyewe wameonya kwamba matengenezo haya huenda yakapoteza habari, na kwamba nakala itangulie. Onyo hilo lilikuwapo siku ile nilipobonyeza kitufe, sikulisoma.

Unapokwisha kunakili, weka nakala mahali pawili, kwenye kompyuta yako na kwingine, na jina la faili liwe na tarehe na saa, si neno mpya, maana baada ya siku mbili utakuwa na mpya tatu. Kisha zuia watu wasiandike katika tovuti wakati unaifanyia kazi; njia nyepesi katika cPanel ni Directory Privacy, inayotia neno la siri mlangoni kwa muda.

Ndipo uchunguze, na kuchunguza ni mbali na kutengeneza. Katika phpMyAdmin tia alama majedwali yote, na katika orodha iliyo chini yake chagua Check table. Utapewa ripoti, mstari kwa kila jedwali, nawe uisome yote, hata kama majedwali ni 60, kwa sababu macho yamezoea kutafuta neno OK na kuruka lisilofanana nalo. Andika karatasini majina ya yale yaliyolalamikiwa. Kisha tia alama hayo tu, uchague Repair table. Katika cPanel vitufe vya Check Database na Repair Database viko katika ukurasa wa MySQL Databases, navyo hushughulikia hifadhidata nzima kwa mkupuo. Paneli ya Plesk ina Check and Repair, na ile ya DirectAdmin nayo ina vyake. Mimi hupendelea phpMyAdmin kwa kuwa inaniruhusu kugusa jedwali moja tu, kama vile fundi mwema asivyobomoa nyumba kwa sababu ya bawaba ya mlango.

Kazi ikianza, usifunge ukurasa, usirudi nyuma, usibonyeze mara ya pili kwa kuona inachelewa. Seva ikianguka katikati ya matengenezo, sharti jambo la kwanza litakalofanywa juu ya jedwali lile liwe ni kulitengeneza tena, kabla ya jingine lolote. Na ikiwa ripoti inasema kwamba faharisi haipo kabisa, iko amri ya mwisho, REPAIR TABLE ikifuatwa na jina la jedwali na neno USE_FRM, ambayo huijenga faharisi upya kutokana na maelezo ya jedwali. Ni dawa kali, ya kutumiwa tu baada ya nyingine kushindwa, na ni haramu kwa asiye na nakala.

WordPress nayo ina mlango wake. Ukiongeza katika wp-config.php mstari unaosema define('WP_ALLOW_REPAIR', true); na kufungua anwani ya tovuti yako ukiifuatisha na /wp-admin/maint/repair.php, utakuta vitufe viwili, cha kutengeneza na cha kutengeneza pamoja na kusafisha. Chagua cha kwanza, usafi utakuja siku ya afya. Mlango huu una aibu moja kubwa: haumwulizi mtu jina wala neno la siri, kwa kuwa umekusudiwa kufunguka hata pale ambapo jedwali la watumiaji ndilo lililoharibika. Basi kazi ikiisha, ufute ule mstari saa ileile.

Ukiyafanya hayo katika majedwali ya InnoDB utajibiwa kwamba The storage engine for the table doesn't support repair, nami nimeona watu wakiufurahia ujumbe huo kwa kutouelewa, wakidhani wameambiwa hakuna cha kutengeneza. Kumbe wameambiwa kwamba hapa hapatengenezwi hivyo. Jedwali la InnoDB lililoharibika kweli hufunguliwa na msimamizi wa seva kwa mpangilio uitwao innodb_force_recovery, wenye ngazi 1 mpaka 6, unaomlazimisha mtunzaji kuamka hali akiwa mgonjwa ili habari zipate kunakiliwa na kuhamishwa. Huanzwa na 1 na kupandishwa kwa hadhari, kwa sababu kuanzia 4 ngazi hizo zenyewe zaweza kuyaharibu mafaili moja kwa moja. Wewe mpangaji wa chumba kimoja katika seva ya watu mia huna idhini ya kuugusa mpangilio huo, na ni vyema huna. Kazi yako ni kuandika barua nzuri.

Nasema barua nzuri kwa sababu mhudumu wa kampuni anayepokea maneno kama vile tovuti imekufa nisaidieni haraka, atajibu kwa kukurudishia nakala yake ya juzi juu ya hifadhidata yako, aondoke akiamini amekutendea wema, na kila kilichoandikwa tangu juzi kiwe kimefunikwa. Mwandikie namna hii: Hifadhidata yetu fulani haisomeki tangu saa 3 asubuhi ya leo. Jedwali wp_posts ni la InnoDB, na uchunguzi umetoa ujumbe huu ninaounakili hapa neno kwa neno. Sijafuta wala kurudisha chochote. Naomba kujua kumbukumbu ya makosa ya MySQL inasemaje, nafasi ya diski ya seva ikoje, na nakala yenu ya mwisho ni ya siku gani na saa ngapi. Tafadhali msirudishe nakala yoyote juu ya hifadhidata hii kabla hamjanipa nakala ya mafaili yake kama yalivyo. Barua ya namna hiyo huchukua dakika 10 kuiandika, na mara nyingi huhamishwa kutoka kwa mhudumu wa zamu kwenda kwa mtu anayejua anachokisoma.

Ikiwa hapana budi kurudisha nakala, usiirudishe juu ya ile mbovu. Unda hifadhidata mpya katika ukurasa wa MySQL Databases, mpe mtumiaji wako ruhusa juu yake, ingiza nakala humo kwa Import, halafu badilisha DB_NAME katika wp-config.php ielekee kwenye mpya. Ile ya zamani ibaki ilipo, gonjwa lakini hai, mpaka utakapokuwa umeridhika. Na hapa ndipo umeme na mtandao wa nyumbani unapoweza kukuumiza: ukikatika faili likiwa linapakiwa, huenda ukabaki na nusu ya majedwali, na phpMyAdmin ina kikomo cha ukubwa wa faili, kinachoandikwa pembeni mwa kitufe cha kuchagua faili, ambacho hutofautiana kwa kampuni. Faili likizidi, libanwe kwa gzip. Likizidi bado, waachie kampuni waliingize wao, ama utumie ukurasa wa Backup wa cPanel. Ukimaliza, linganisha hesabu: mistari mingapi katika wp_posts ya zamani, kama inasomeka, na mingapi katika mpya.

Kisha soma tovuti yako kwa macho ya mwalimu wa Kiswahili, maana lugha yetu ina mtego wake. Makala zilizoandikwa kwanza katika Word na kubandikwa kwenye tovuti huja na ritifaa iliyopinda, si ile iliyonyooka, na ritifaa hiyo huhifadhiwa kwa baiti tatu za UTF-8. Nakala ikiingizwa kwa kudhaniwa kuwa ni ya herufi za latin1, kila baiti huonyeshwa peke yake, na ng’ombe wako atageuka kuwa ngâ€™ombe, na basmala uliyoiandika kwa Kiarabu juu ya ukurasa itaanza na Ø¨Ø³Ù…. Ukiyaona hayo usiogope, kwa kuwa aghalabu baiti zote zipo na zimesomwa vibaya tu: irudie kazi katika hifadhidata nyingine tupu, ukichagua utf-8 katika ukurasa wa Import mahali panapoulizwa herufi za faili. Ukiona alama za kuuliza mahali pa herufi, hapo aghalabu herufi zenyewe zimekwisha kupotea, na la kufanya ni kurejea nakala iliyotangulia. Lakini usijaribu kurekebisha kwa kulifungua faili la SQL na kubadilisha maneno yote kwa mkupuo, kwani katika wp_options mipangilio mingi imeandikwa pamoja na hesabu ya urefu wa kila neno, na ukibadilisha neno bila kubadilisha hesabu yake, WordPress itaukataa mpangilio mzima.

Mwisho wa kazi, kama majedwali yako bado ni ya MyISAM na hakuna sababu ya kuyaacha hivyo, yahamishie InnoDB: katika phpMyAdmin fungua jedwali, nenda Operations, badilisha Storage Engine, moja baada ya jingine, baada ya nakala nyingine mpya. Nilifanya hivyo katika tovuti ya jumuiya wiki ileile, na jedwali la maoni halijaniletea kadhia tena.

Ama zile rambirambi, ilinichukua miezi kukumbuka kwamba WordPress, isipokatazwa, humpelekea mwandishi wa makala barua pepe kwa kila maoni yanayowekwa, na maneno ya maoni yenyewe yamo ndani ya barua hiyo. Na mwandishi wa tanzia nilikuwa mimi. Nikarudi katika kikasha changu nikazikuta 236, nikazinakili moja moja kwa mkono, pamoja na majina na tarehe zake. Zile 46 zilizobaki nilikuwa nimezifuta mwenyewe katika siku za msiba, ili kupunguza msongamano wa barua.